Gari la Marehemu

Mwezi huu tunaongelea magari. Akina dada msikimbilie ukurasa wa mitindo, subirini kwanza. Gari ninalotaka kuwasimulia lilikaa katikati ya mjane, marehemu mumewe, mchumba mpya na ukoo mzima wa Moshi, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Na varangati lote hilo lilianza na neno zuri kabisa: sadaka.

Mwenye kisa ni shosti wangu wa tangu sekondari. Anaishi Houston, jimbo la Texas, mwaka wa 18 sasa. Amenipa ruhusa niandike kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Mumewe alifariki miaka 4 iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume, na Toyota Supra ya mwaka 1994.

Najua kuna wenzangu ambao gari kwao ni rangi tu, kwa hiyo ngoja nieleze. Toyota aliyoizoea Mswahili ni Corolla, Hiace na Land Cruiser. Supra ni habari nyingine. Hii ninayoisema ni toleo la nne, lililoanza 1993: injini ya 2JZ, silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 3, na turbo mbili. Zile za turbo zilizouzwa Marekani zilitajwa kuwa na nguvu za farasi 320, na zenye gia za mkono zilikuwa na gia 6. Marekani waliacha kuziuza baada ya toleo la 1998, Japani wakafunga kabisa mwaka 2002. Katikati ya hapo, mwaka 2001, ikatoka filamu ya The Fast and the Furious, marehemu Paul Walker akaonekana ndani ya Supra ya rangi ya chungwa, na vijana wa dunia nzima wakachanganyikiwa.

Leo hizo ni gari za makumbusho. Machi 2019 Supra moja ya 1994 iliuzwa mnadani Amelia Island, Florida, kwa dola 173,600. Juni 2021 ile yenyewe ya kwenye filamu ikaenda kwa dola 550,000. Msikurupuke lakini, mkaanza kumsumbua mjomba mwenye Supra bovu uani kwake. Isiyo na turbo, yenye gia oto, au iliyochezewa na kila fundi wa mtaa, bei yake haifiki hata jirani ya hapo.

Ya marehemu ilikuwa ya turbo, gia za mkono. Aliinunua 2008 kwa mtu, wakati bei hazijapata kichaa. Kila Jumapili baada ya ibada anafungua gereji, anaifuta, anaiwasha, anainamisha kichwa kuisikiliza kama daktari. Shosti aliiita mke mwenza, na kwa kweli aliizoea kama watu wanavyozoeana na mke mwenza mwenye adabu: haulizi, haigusi. Hata kuiendesha hajui, maana gia za mkono zilimshinda tangu akiwa Dar.

Mwaka jana akapata mchumba. Mwanaume wa Mombasa, mtaratibu, anafanya kazi za kompyuta, watoto wanamkubali. Mambo yakafika mahali pa kupanga harusi. Ndipo siku moja mchumba akasema, mpenzi, lile gari kwa nini tusilitoe sadaka?

Marekani jambo hilo ni la kawaida sana. Redioni wanatangaza: una gari usilolitumia? Piga simu, tutalifuata bure, mauzo yataenda kwa wenye shida, na wewe utapata nafuu ya kodi. Unapiga, gari la kukokota linakuja, kesho gereji ni nyeupe. Shosti akanipigia kunieleza mpango huo, maneno yote mazuri, watoto yatima, wagonjwa, baraka. Ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Nikamuuliza, sadaka hiyo ni ya nani? Akanyamaza. Mimi na yeye tumelala bweni moja miaka minne, nikanyamaza naye.

Hapa nitasema ninachokiamini, mtanikosoa kwa barua. Kutoa ni jambo la heshima. Lakini wapenzi wengi tunatumia kutoa kama fagio. Nguo za mpenzi wa zamani, kitanda alicholalia wifi, picha za harusi ya kwanza, tunavitoa haraka na tunaita ni wema, kumbe tunamtoa mtu ndani ya nyumba na hatutaki kusema hivyo. Mwenye kuondolewa akiwa ni marehemu, ambaye hawezi kujitetea, inauma mara mbili.

Sasa mjue pia kinachotokea kwa gari likishavutwa. Mara nyingi anayejibu ile simu si taasisi yenyewe yenye kuhudumia watu, ni wakala. Gari linapelekwa kwenye yadi ya mnada wa jumla, linasimama kati ya mamia ya magari yaliyochoka, linauzwa kwa dakika chache kwa mfanyabiashara. Wakala anakata gharama zake, kinachobaki ndicho kinachofika kwa wagonjwa. Kwa Corolla iliyokufa gia boksi hakuna ubaya, bora hicho kuliko kuoza. Lakini Supra ya turbo? Mfanyabiashara anayeijua atachekelea njia nzima hadi kwake, aiuze tena kwa bei yake halisi, au aitoe injini aiuze peke yake, maana 2JZ inatafutwa kama almasi. Hapo aliyepata sadaka kubwa ni yule dalali.

Na ile nafuu ya kodi wengi hawaielewi. Zamani mtu alikuwa anatoa gari bovu, anafungua kitabu cha bei, anaandika thamani aliyoipenda. Oktoba 2004 ikapitishwa sheria ya kubana, ikaanza kufanya kazi 2005: gari likidaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 500 na taasisi ikaliuza tu, unachoruhusiwa kudai ni kile kiasi halisi lilichouzwa, si ndoto yako. Taasisi inakupa fomu iitwayo 1098-C ndani ya siku 30 baada ya mauzo, imeandikwa bei. Isipokuwa taasisi ikilitumia yenyewe kwa kazi zake, au ikilifanyia matengenezo makubwa, au ikimpa mhitaji kwa bei ya chini sana, hapo ndipo unaweza kudai thamani ya sokoni, na ikizidi dola 5,000 lazima mthamini anayetambulika aandike ripoti. Halafu nafuu yenyewe ni kwa anayeorodhesha makato yake mmoja mmoja kwenye ritani. Tangu 2018 kiwango cha jumla wanachopewa wote bila kuorodhesha kilipanda karibu mara mbili, kwa hiyo wengi wanatoa gari wakidhani watarudishiwa kitu, hawarudishiwi hata senti.

Mnaona uzuri uliojificha humo? Gari likiuzwa bei mbaya, mgonjwa anapata kidogo na mtoaji anapata kidogo. Likiuzwa vizuri, wote wawili wanafaidi. Sheria imewafunga kamba moja. Nilimweleza shosti hivyo, nikamwambia kama mnatoa, toeni kama watu wanaojua mnachotoa.

Wakati huo habari zilishavuka bahari. Shemeji yake mkubwa akapiga simu kutoka Moshi. "Shemeji, gari la ndugu yetu unalitoa kwa watu tusiowajua?" Jioni akaja mama mkwe mwenyewe, kwa upole unaokata kuliko kisu: "Mwanangu, hiyo hela si ingesomesha wajukuu wangapi huku?"

Kisheria walikuwa hawana pa kushika. Texas ni jimbo ambalo walichochuma mume na mke ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Mmoja akifariki bila wosia, na watoto wake wote ni wa ndoa hiyo hiyo, fungu lake katika mali hizo linamwangukia aliyebaki. Kaka wa marehemu hayumo. Gari lilikuwa bado kwa jina la marehemu, ila idara ya magari ya Texas ina kiapo cha urithi cha kusaini mbele ya mthibitishaji, umiliki ukahamia kwa mjane. Lakini sheria haiendi msibani, na haimpigii mama mkwe simu siku ya Krismasi. Ukisema "kisheria ni langu" umeshinda kesi na umepoteza bibi wa watoto wako.

Mama mkwe aliuliza pia kwa nini hela isiende moja kwa moja kwenye kituo cha watoto pale Moshi. Swali la maana. Jibu ni kwamba inaweza kwenda, hakuna anayezuia, ila Mmarekani akitoa kwa taasisi ya nje kwa kawaida hapati nafuu ya kodi. Lazima taasisi iwe imesajiliwa kule, hata kama kazi yake inaifanya Tanzania. Na zaidi ya hapo, shosti moyo wake ulikuwa kwingine. Wiki za mwisho marehemu alihudumiwa na kituo kisicho cha biashara, kinachotunza wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Kulikuwa na muuguzi mmoja pale aliyependa magari. Akija zamu ya usiku wanaongea Supra mpaka dawa zinamlaza mgonjwa. Shosti anasema zile ndizo saa pekee mwezi ule ambapo mumewe alikuwa mwanaume na si mgonjwa. Akasema, kama ni sadaka, iende pale, na si penginepo.

Basi sasa sadaka ilikuwa na mwenyewe. Akabaki mchumba.

Nikaomba niongee naye. Nikamwambia, shem, sikupigii kukugombeza, nataka kusikia. Akacheka kidogo, akasema, "Dada, unajua joto la Houston mwezi wa nane? Gari langu linalala juani kila siku kwa sababu kivulini kalala marehemu. Nikienda kutupa takataka napita pembeni yake. Watoto wakinionyesha, wananionyesha kwa kunong'ona. Mimi simchukii. Nimechoka kuwa mgeni."

Jamani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikayeyuka. Kwa sababu mwanaume huyu hakuwa na roho mbaya, alikuwa na neno ambalo hakujua alisemee wapi, akalisemea kwenye sadaka. Nikamuuliza, hayo uliyoniambia mimi umemwambia yeye? Hajamwambia. Mwaka mzima wa uchumba! Nikamwambia basi mwambie leo, kabla hujapiga simu ya gari la kukokota.

Wakaongea. Sikuwepo, na sikuulizia yote. Ninachojua ni kwamba shosti alilia, na kwamba alimwambia jambo ambalo naye hakuwahi kulisema: kwamba gari lile halimpi raha, linamtia hatia, maana linaharibika. Na ni kweli. Gari likikaa halipumziki, linakufa polepole. Petroli inachacha, betri inaisha, mipira ya kuzuia mafuta inakauka, tairi zinapasuka pembeni hata kama kashata zake ni mpya. Miaka 4 alikuwa anafunga mlango wa gereji akijua anayemtunzia marehemu anaoza.

Kituo kile kilikuwa nacho kimezoea kutumia wakala wa simu. Nikamsisitiza shosti awaulize wakubwa wake mambo mawili: je, watakubali kulipokea gari wenyewe na kuliuza kwenye mnada wa wapenzi wa magari ya kale, wa kwenye intaneti, wenye bei ya chini isiyovukwa? Na je, wataandika hivyo kabla hajasaini umiliki? Maana ukishatoa umetoa. Gari ni lao, wanaweza kuliuza kwa chuma chakavu kesho yake na huna la kusema, kama hakuna maandishi. Wakasita, hawakuwahi kufanya hivyo. Mchumba ndiye aliyewatumia mifano. Januari 2016 Acura NSX ya kwanza ya toleo jipya iliuzwa mnadani Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 1.2, wakati bei yake ya dukani ilianzia dola 156,000. Mauzo yakaenda kwa taasisi za watoto. Januari 2019, mji huo huo, Supra mpya ya kwanza ikapigwa nyundo kwa dola milioni 2.1, bei yake ya dukani ikianzia kama dola 50,000, mauzo yakaenda kwa taasisi ya magonjwa ya moyo na nyingine ya askari wastaafu. Hizo zilitolewa na kampuni kubwa zenye matangazo, si mjane wa Houston. Lakini wakubwa wa kituo walielewa hoja: mnunuzi akijua hela inakwenda wapi, mkono unakuwa mwepesi. Wakaandika.

Halafu ikaja kazi. Wikiendi tano. Marehemu alikuwa amebadilisha rimu na ekzosi, kama vijana wote, ila zile za kiwandani alizihifadhi darini ndani ya maboksi. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu soko linapenda Supra ambayo haijachezewa kuliko iliyopambwa. Wakashusha maboksi. Wakapata risiti za kila fundi, karatasi ya bei ya siku gari lilipouzwa likiwa jipya, kitabu cha mwongozo, funguo zote mbili. Wakaita fundi anayezijua akabadilisha mkanda wa injini, akasafisha tanki, akapima kompresheni ya silinda zote 6. Wakapiga picha mpaka uvunguni, na zile stika za namba ya chesisi kwenye bodi, maana wanunuzi wa aina hii wanauliza maswali kuliko polisi wa upelelezi.

Siku ya kurekodi video ya kuliwasha likiwa la baridi, aliyekaa kwenye usukani ni mtoto wa kwanza, miaka 16. Injini ikashika mara ya pili. Shosti ananiambia ule mlio ulipotoka hakuna aliyesema neno. Mdogo akakimbilia ndani. Mchumba akasimama mlangoni, hakuingia, mpaka shosti mwenyewe alipomshika mkono akamvuta. Maelezo ya mnada aliyaandika yeye, kwa Kiingereza chake, pamoja na habari za Jumapili na za yule muuguzi.

Na Moshi? Wazo lilitoka kwa mchumba. Walikuwa wamepanga ukumbi wa watu 300, na kamati ya harusi ilishaanza kukusanya michango kwa nguvu zote. Akasema tufunge ndoa ndogo, kiasi tulichoweka sisi wenyewe cha ukumbi kiende kwa mama kwa ajili ya ada za wajukuu. Kamati ilinuna, mwenyekiti akajiuzulu kwa ujumbe mrefu wa simu. Mama mkwe alipopelekewa habari aliuliza swali moja tu, huyo kijana wa Mombasa anakula ndizi? Shemeji mkubwa bado hajapiga. Atapiga, au hatapiga.

Gari liliuzwa. Bei siitaji, hela ya watu haitangazwi kwenye safu. Niseme tu kwamba yule mhasibu wa kituo alimpigia shosti mara mbili kuhakikisha hajasoma vibaya. Fomu ya kodi ilikuja ndani ya siku zake, na kwa kuwa kiasi kilizidi kile kinachoruhusiwa kukatwa kwa mwaka mmoja kulingana na mapato yake, kinachobaki atakisogeza mbele, sheria inampa hadi miaka 5. Aliyelinunua ni wa jimbo jingine, alituma lori la kufunikwa. Kule Texas mwenye gari anashauriwa ang'oe namba zake anapoliachia na kuiarifu idara ya magari ndani ya siku 30, ili likifanya kituko barabarani lisimrudie. Mtoto wa kwanza alizing'oa mwenyewe na bisibisi ya baba yake. Moja iko chumbani kwake, nyingine kampa mdogo wake.

Juzi nilimpigia shem kumtania, nikamuuliza kivuli anakionaje. Akasema gari lake bado linalala nje. Kumbe siku ile ile lori lilipoondoka, wale vijana wawili waliingiza gerejini meza ya tenisi, na sasa kila jioni anaitwa akacheze, na kila jioni wanamfunga.